Pumzi za Mchoyo

Ndani ya ngome-sumaku ya Kituo cha Shengena, kilomita elfu tisa juu ya milima ya Upare, lilining'inia shimo jeusi dogo kuliko punje ya ulezi. Lilikuwa na chaji ya umeme, na kama mashimo meusi yote, lilivukiza uzito wake kwa kutoa mwanga kidogo kidogo. Wahandisi walilipachika jina Mchoyo.

Dakta Namsifu Mbwambo alikuwa amelilinda miaka kumi na tisa. Hesabu zilisema litakwisha wakati wowote, naye alimwahidi mumewe, Elinihaki, mkulima wa tangawizi, kwamba siku hiyo atashuka nyumbani moja kwa moja. Likizo zote alizikataa, asije akaikosa dakika ya mwisho. Ubishi wa mama huyu, jamani, ungetosha kuendesha kiwanda.

Jumanne asubuhi kihesabumwanga, mtambo uliohesabu chembe za mwanga wa shimo hilo, kilisoma sifuri. Wenzake wakapiga makofi, mmoja akatoa maandazi aliyokuwa ameyaficha. Lakini mizani ilionyesha uzito uleule wa jana. Shimo lipo, pumzi hakuna. Maiti gani hii?

Namsifu akapekua kanuni za kile kihesabumwanga hadi akakuta moja ya mwaka wa kwanza: mimweko miwili ikifika pamoja, itupwe, ni kelele za mtambo. Aliyeiandika ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaifuta. Papo hapo mwanga ukaanza kuhesabiwa, chembe mbili mbili.

Aliwaeleza wenzake kwamba shimo lenye chaji likipungua uzito hadi karibu na kikomo ambacho chaji yake inaruhusu, hupoa, na katika ubaridi huo kanuni za kwantamu hulizuia kutoa chembe moja ya mwanga peke yake. Lazima zitoke mbili kwa pamoja, tena kwa nadra mno. Mchoyo hakuwa anakufa. Angeishi miaka milioni.

Wakamkumbatia kwa ugunduzi huo, na hapo ndipo ahadi ilipomjia akilini. Akampigia mumewe.

"Baba Nakijwa, nimekukosea. Halitakwisha leo, wala tukiwa hai."

Elinihaki akauliza kwa upole kama kuna hatari litoroke, au lizimike mkewe akiwa hayupo. Namsifu akajibu kwamba hakuna kabisa.

"Sasa unalikeshea nini, mke wangu?"

Namsifu akawakabidhi wenzake zamu, akaomba nafasi kwenye chombo cha saa nane mchana kinachoshuka duniani.