Aliyeonja Mbele

Asubuhi ile Winifred, jirani yetu wa mtaa wa Batsinda, alimgombeza bintiye Kaze kwa kutafuna mrija wa juisi. Mtoto yule hakuwahi kuacha mrija salama; kila ncha aliigeuza nyuzinyuzi. Mama akambusu, akamwacha na dada wa kazi, Trinah, akapanda gari la Munyaneza, dereva wa ofisi. Walitumwa kuandika habari za Rusengo, kamji kadogo ka mkoani: vilima vyake, soko, barabara, na bonde la mafunjo.

Adhuhuri ukungu ulipanda kutoka bondeni. Munyaneza alibaki garini, Winifred akashuka kupiga picha. Akaona nyumba ya matofali na bibi kizee mlangoni. Bibi akamkaribisha, akamnyooshea kibuyu cha bushera, kile kinywaji cha mtama, mrija ukiwa ndani. Winifred alikuwa na kiu. Akanywa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi yule alipona kweli: alishusha pumzi ndefu, akacheka.

"Asante, mwanangu. Nyumba ni yako," akanong'ona, akapotelea ukunguni.

Winifred alitoka mbio. Rusengo aliijua sasa: barabara juu, mafunjo chini. Akapanda. Akafika kwenye nyumba ile ile. Akashuka. Nyumba ile ile. Akafuata mafunjo, akilia kwa hofu. Mlango ule.

Mkono ukamshika. Munyaneza alikuwa amefuata kilio chake. Alikitupia macho kibuyu pale mlangoni.

"Ni nani alionja mbele?"

"Mimi."

"Mana we, Mungu wangu! Kwetu mwenye nyumba ndiye anaonja mbele, ndiyo mgeni anakunywa. Hawakukufundisha?"

Hawakumfundisha. Alikulia Morogoro.

"Usiniachie mkono. Nitakutoa hapa, lakini nyumba itakufuata mpaka mwingine aonje."

Njia nzima Winifred alipiga simu nyumbani. Iliita tu.

Batsinda jua lilikuwa bado linawaka. Trinah alikuwa uani, anaanika nguo.

"Kaze yuko wapi?"

"Iko ndani, mama. Bibi yake amekuja, amemuletea kinywaji."

Mama yake Winifred alifariki zamani. Mama wa mumewe pia.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Sakafuni, matope ya mafunjo. Mezani, kibuyu kitupu. Mrija ulikuwa bado umelowa, na ncha yake imetafunwa, nyuzinyuzi.