Jumamosi Nne za Chapuchapu

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua soksi za shule na kuzianika kwenye kamba ya dirishani, Chapuchapu alibakiwa na kazi moja: kupima vihisi vya taa za korido. Jina la Chapuchapu alipewa na mama yake, maana tangu utotoni alitaka kila kitu kiishe kabla hakijaanza. Alipiga mswaki chapuchapu, na hesabu za darasa la sita alizimaliza mwalimu hajakaa, nusu yake zikiwa za makosa.

Mama yake alikuwa fundi umeme. Chuo hakukiona hata mlango. Kwa miaka sita aliwashikia mafundi wengine ngazi, akawabebea nyaya na kuwachemshia chai, huku macho yake hayabanduki kwenye mikono yao. Fundi mmoja alipata kumwambia, "Dada, umeme si mwiko na sufuria." Mama hakusahau. Sasa alikuwa amepewa kazi ya taa katika jengo walilopanga, jengo la ghorofa nne lenye korido ndefu zisizo na dirisha hata moja. Hata saa sita mchana, bila taa humo huoni mkono wako.

Mwenye jengo hakutaka kuta zake kongwe zitobolewe kupitisha nyaya. Ndipo mama akaleta vihisi vya betri: vidude vyeupe, kila kimoja kama kiberiti, ambavyo hubandikwa ukutani na kuwasiliana na taa bila waya. Mtu akiingia, taa inawaka, akiondoka, inazimika.

"Na hivi si vile vya kukupungisha mikono kama unasimamisha teksi," mama aliwaambia wapangaji. "Ukisimama tu, unapumua, kinajua upo."

Vilikuwa vinane, viwili kila ghorofa. Chapuchapu alitakiwa apande kigoda, abonyeze kitufe, atazame kitaa kidogo. Kijani, betri nzima. Nyekundu, betri imechoka. Kisha atie alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wao. Dakika ishirini, basi.

Jumamosi mbili za kwanza alivipima vyote, na vyote vilikuwa kijani. Ya tatu alimkuta rafiki yake kwenye ngazi, yule aliyeitwa Kimya kwa sababu hanyamazi hata akilala. Kimya alikuwa na kamba ya kuruka mkononi.

"Kigoda cha nini? Unakwenda kuhutubia?"

"Napima vihisi."

"Wiki iliyopita vilikuwaje?"

"Kijani."

"Basi ni kijani. Betri siyo maziwa bwana, eti yataganda kwa wiki moja. Njoo turuke."

Chapuchapu akarudi nyuma ya mlango, akatia vema nane kwa pumzi moja. Hakuna aliyemuuliza. Jumamosi iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata, na nyingine tena. Jumamosi nne.

Jumanne baada ya hapo, mchana, Bibi Cherehani wa ghorofa ya tatu alirudi kutoka sokoni na kikapu chake. Bibi huyu ndiye aliyeshona sare za karibu kila mtoto wa jengo lile, mpaka macho yakachoka. Katikati ya korido yake kuna ngazi moja ya kushuka. Taa haikuwaka. Akaikosa ngazi ile, akaanguka, mkono ukavunjika.

Jioni wapangaji wakakusanyika chini, kwenye mlango wa jengo. Msimamizi wa jengo alikuwa ameshakibandua kihisi kile na kukitupa, na gari la taka lilikwisha kupita.

"Fundi," alisema, "bibi wa watu amevunjika kwa sababu ya kidude chako."

"Huenda betri iliisha," mama akasema.

"Kwani hazipimwi?"

Mama alipanda ngazi, akarudi na ile karatasi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Zinapimwa. Binti yangu anapima kila Jumamosi. Tazama, Jumamosi hii iliyopita, vema nane. Na mwanangu simfundishi uongo."

Chapuchapu, aliyekuwa nyuma yake, alihisi masikio yanawaka moto. Alitamani sakafu immeze.

Msimamizi aliisoma karatasi taratibu, kama mtu anayefurahia anachokisoma. "Sawa. Kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Basi kifaa chenyewe ndicho kibovu. Kimoja kikiwa kibovu, na vingine vibovu. Ndiyo maana kazi hizi huwa tunawapa watu waliozisomea." Mtu mmoja akacheka. "Mpaka Ijumaa uwe umeving'oa vyote. Na lile jengo la pili nililokuahidi, nitatafuta fundi mwingine."

Mama hakubisha. Angebisha vipi, na karatasi yake mwenyewe ndiyo iliyomhukumu? Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni. Chapuchapu alijua kwamba neno moja tu lingemwokoa mama yake. Akarudi hatua moja nyuma, akajibanza ukutani.

Nyumbani mama alifungua kihisi cha akiba mezani, akakichunguza, akakifunga, akakifungua tena. "Nimekosea wapi?" alijiuliza. Chapuchapu alisukuma sahani yake, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake, alipotoka shule, mama alimtuma ampelekee Bibi Cherehani supu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Niwekee hapa, mkono wenyewe ndio huu." Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. "Mama yako hajambo? Mwambie asijitese. Aliniambia, bibi, ukifika simama kidogo, taa itakuona. Nikasimama. Nikangoja. Giza tu. Nikavuta pumzi kwa nguvu, nikidhani labda kwa uzee huu sipumui vya kutosha, taa hainihesabu kuwa mtu." Alicheka, kisha akashika mkono wake kwa maumivu. "Nikasema basi, itawaka nikiwa njiani. Nikaenda."

Chapuchapu hakucheka. Aliaga bila kumtazama usoni, akapanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya nne. Mama alikuwa juu ya ngazi yake ya kazi, ameanza kubandua vihisi.

"Mama, sikupima."

"Hukupima nini?"

"Vihisi. Nilitia vema tu."

Mama alishuka daraja moja, halafu lingine, mpaka akafika chini. "Jumamosi ngapi?"

"Nne."

"Nilisimama mbele za watu," mama alisema mwishowe, "nikasema mwanangu simfundishi uongo."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini ile karatasi niliwaonyesha watu wote. Utawaambia wao pia, na utaanza na bibi."

Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda, ingawa ilikuwa ya ghorofa moja. Bibi Cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akasema tu, "Haya. Nimesikia." Matusi yangekuwa afadhali. Jioni Chapuchapu akasimama kwenye mlango wa jengo mbele ya wapangaji, akasema tena yote. Kimya, rafiki yake, alikuwa nyuma ya watu. Alitazama kamba yake.

Kisha mama akawapandisha wote ghorofa ya tatu. Akabonyeza kihisi cha pili cha korido ileile, inayopitiwa na watu wengi kuliko zote. Kitaa kikawaka chekundu. Akabandika kihisi kipya pale kilipong'olewa cha kwanza, na hiki cha pili akakitia betri mpya. Wakatoka, taa zikazimika. Mama akaingia peke yake, akasimama bila kutikisika. Zikawaka, na zikaendelea kuwaka.

"Basi vibaki," msimamizi alisema, akakuna shingo. Hakuomba radhi. Mpaka leo hajaomba, na mama anakumbuka siku, saa, na aliyecheka. Ila lile jengo la pili alilifunga taa yeye.

Walipobaki wawili, mama alimpa ile karatasi. "Andika 'sikupima' kando ya kila Jumamosi ya uongo. Tunaiacha mlangoni. Mwanangu, sisi tusio na vyeti, neno letu halisadikiwi kirahisi. Karatasi hii ndiyo ilikuwa shahidi wangu, nawe ukaigeuza ya uongo. Kazi ikikushinda, au ukiwa mvivu tu siku hiyo, sema hukuifanya. Mtu akijua taa ni mbovu atapapasa ukuta. Bibi hakupapasa. Alituamini."

Jumamosi, Chapuchapu aliibandua karatasi mlangoni kwa muda, akabeba kigoda chake mpaka ghorofa ya tatu. Bibi Cherehani alikuwa anatoka mlangoni kwake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akasimama gizani, akangoja. Chapuchapu naye akasimama mbali, nje ya korido, amebana pumzi.

Taa ikawaka.

"Imeniona," bibi akasema, akaanza kutembea. Baada ya hatua chache aligeuka. "Na wewe je, leo umepima?"

"Bado, bibi. Ndiyo naanza."

"Anza na hiki. Nitakaa hapa nikutazame."

Chapuchapu akapanda kigoda, akabonyeza, akangoja. Kijani. Akatoa kalamu, akatia vema moja, polepole.