Sahani Zilizochechemea

Asiyeamini na asiamini, mimi sina haja naye. Ilianza na harufu ya udi ndani ya maabara moja pale Garsen, mahali ambapo hata marashi ni marufuku. Hafidha, fundi wa maabara, mzaliwa wa Kipini, aliinusa akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kuangalia sahani ndogo zenye seli za moyo, zinazodunda zenyewe. Nyingine hutiwa dawa mpya ya malaria, iliyotolewa kwenye gome la mti wa huko Ozi. Nyingine hazitiwi kitu. Mashine huyatoa mapigo kwa sauti: du, du, du. Dawa ikiyavuruga, binadamu hapewi. Na Hafidha aliiombea dawa hiyo usiku na mchana, maana malaria ilikuwa ikimrudia kila mara Tahir, mumewe, na ndiye aliyejitolea kuimeza kwanza.

Siku hiyo sahani zenye dawa zilichechemea: du-du, kimya, du. Mara zile zisizo na dawa nazo zikafuata: du-du, kimya, du.

"Daktari," alimnong'oneza mkubwa wake, Jotham, "hizi hazina dawa."

Jotham akatazama, jasho likimtoka. "Basi si dawa."

"Si dawa. Tuna mgeni humu."

Akaitwa Bibi Nyevu, mganga wa Kilelengwani, akaja na kigoma chake. Akasikiliza.

"Huyu ni wa ule mti," akasema kwa sauti ya chini. "Mliubandua gome hata hodi hamkupiga. Kila jini ana ngoma yake, na hii ndiyo yake, nikiipiga atatoka. Ila nataka kuku mweusi, nimwonyeshe pa kuingia."

"Kuku? Ndani ya maabara?" Jotham akaruka. "Weh! Nikikaguliwa je?"

"Basi atajitafutia pa kuingia mwenyewe, daktari."

"Piga tu, bibi," Hafidha akasihi. "Nakuomba, piga."

Akapiga, du-du, kimya, du, na udi ukazidi hadi macho yakawawasha, vioo vikatetemeka makabatini, mashine zote zikaitikia kwa pamoja, kitu kikapita kati yao kikihema kama ng'ombe mgonjwa, kikamgusa Hafidha bega, kikaelekea mlangoni alikosimama Tahir na bakuli la wali aliomletea mkewe, akishangaa watu wazima wanacheza ngoma gani saa za kazi. Kisha sahani zote zikatulia: du, du, du.

Walikumbatiana, wajinga wale! Hakuna hata mmoja aliyesema, ngoja, turudie jaribio. Walipata walichokitaka, basi. Jotham akaipasisha dawa.

Tahir akameza. Homa ikashuka, akajilaza mkekani akicheka, alhamdulillahi. Hafidha kwa furaha akamlalia kifuani.

Du-du, kimya, du.

"Mume wangu?" akanong'ona.

Harufu ya udi ikajaa chumbani. Mdomo wa Tahir ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Kuku mngeleta."

Du-du, kimya. Hafidha akakandamiza sikio kifuani, akangoja pigo la tatu.