Gego la Nyuma ya Jiko

Jambo la kwanza lililomtia Shimwa wasiwasi ni kwamba mtandao ulishika. Tangu korona ifunge chuo na kuwarudisha wanafunzi wa udaktari wa meno makwao, hapo Kamembe hakuwahi kumsikia mwalimu akimaliza sentensi. Leo sauti ilikuja safi, picha haikuganda, na kifurushi cha intaneti hakikupungua hata kidogo. Ilikuwa siku alipoweka lile jino mezani.

Mwalimu alitaka kila mwanafunzi atoboe gego halisi mbele ya kamera kabla ya Ijumaa kwisha. Asiyetoboa arudie mwaka. Gego litoke wapi? Bashige, mwenzake wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyekuwa na mtungi wa meno ya kliniki, na mpaka ulikuwa umefungwa. Shimwa alikasirika hadi machozi yakamtoka. Ndipo akakumbuka kwamba bibi yake huzika kucha, nywele na meno yake nyuma ya jiko, majini wasiyachezee. Akafukua gego moja, akaliosha, akaazima kekee ndogo ya kutobolea ya fundi wa pete.

Kekee ilipogusa jino, chumba kikanuka udongo mbichi. Chumba cha pili bibi akaguna.

"Nani anatafuna hapo?" mwalimu akauliza. "Shimwa, funga maikrofoni."

Ilikuwa imefungwa.

Akaendelea, maana mwaka mzima si mchezo, na kadiri kekee ilivyozama ndivyo mtafuno ulivyosogea, kwanza nje ya dirisha, kisha chini ya meza, kisha karibu kabisa na sikio lake, wenye mate na pumzi ya moto, huku bibi akilia ng'ambo ya ukuta, ameshika shavu ambalo halikuwa na gego tangu kabla Shimwa hajazaliwa. Akaitupa kekee, akazima kompyuta.

Akampigia Shehe Ridhwani, anayesomea wagonjwa wa majini, ambaye hakuweza kuja kwa sababu watu walikatazwa kutoka nyumbani. Akamweleza kwa kunong'ona alichofukua, akamwomba asome kwa simu.

"Kwanza urudishe kitu ya benyewe, mutoto yangu," shehe akasema. "Ukisha kufukia, nitasoma mpaka mwisho. Usikate simu."

Akalifukia gego lenye tundu nusu, akiulaani mtihani na walioutunga. Shehe akaanza kusoma. Katikati ya aya mtandao ukakatika. Shimwa akapiga, akapiga tena, wapi! Hata jini naye afukuzwe kwa kifurushi?

Ijumaa asubuhi bibi aliamka mzima, akaomba chai. Shimwa alifurahi kweli. Akajiambia mwaka ataurudia, bora bibi yake apone. Mara kompyuta ikajiwasha mezani, mtandao umejaa, mwalimu akamwita kwa jina.

Bibi akaweka kikombe chini, akaegemea ukuta, akapanua mdomo. Nyuma kabisa, penye pengo la siku zote, lilisimama gego, lina udongo, lina tundu nusu.

"Mwalimu yako anakungoja," akasema kwa sauti isiyo yake. "Ilibakia kidogo tu. Maliza."