Saa Moja Kati ya Lubumbashi na Kinshasa

"Kifurushi kimeruka saa tatu kamili. Kipokee kwa mikono miwili."

Ujumbe ulitoka Lubumbashi. Mtandao ulikuwa umelala, ujumbe ukamfikia mpelelezi Ngalula kwa kuchelewa.

Akapiga hesabu. Kilomita elfu moja mia tano na sabini mpaka Kinshasa. Saa mbili na robo angani. Kifurushi chenyewe, Radek, mgeni aliyekuwa akitorosha urani kwa magendo, angetua saa tano na robo.

Saa nne na dakika arobaini akashuka kwenye Toyota yake kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili, bastola ya Glock kiunoni. Alijiona kawahi.

Abiria walikuwa wameshatoka.

Papa Mukendi, mpelelezi mzee aliyewekwa mlangoni kama mbeba mizigo, alikuwa ameketi sakafuni. Damu ilimchuruzika kichwani. Redio yake ya Motorola ilikuwa vipande vipande.

"Nilimshika mkono, binti yangu. Akanitwanga na kitako cha bastola. Ulikuwa wapi?"

"Kwani ndege imewahi, Papa?"

"Imewahi wapi! Saa tatu ya Lubumbashi ni saa mbili ya huku. Wewe si mzaliwa wa kule?"

Uso ukamwaka moto. Kosa la mtoto wa shule. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usinililie hapa!" mzee akafoka. "Kaenda bandarini, Beach Ngobila. Boti ya Brazzaville inaondoka saa sita kasorobo. Akivuka mto, tumekwisha."

Nje, foleni ilikuwa imeganda. Ngalula akaiacha Toyota, akarukia pikipiki ya kukodi.

"Ngobila. Kimbiza!"

"Mama, umeaga nyumbani?" dereva akacheka. "Haya, nikumbatie kama mumeo!"

Wakapenya kati ya malori. Kioo kimoja cha pikipiki kikang'oka. Njia nzima aliiona damu ya mzee.

Saa tano na dakika arobaini.

Gatini watu walisukumana na magunia. Kiganjani mwake kipima mnururisho, kidogo kama kiberiti, kikaanza kutetema.

Kushoto. Sanduku la kijivu. Radek alikuwa ameshakanyaga ngazi ya boti.

Mgeni akapeleka mkono ndani ya koti.

Ngalula alikuwa mwepesi zaidi. Teke moja, bastola ikatumbukia mtoni. Ngumi moja, Radek akapiga magoti. Pingu zikalia.

"Yule babu bado anapumua?" Radek akauliza, akitabasamu.

Ngalula akazikaza pingu.

Simu ikaita. Kanali Bosenge, mkuu wake.

"Hongera! Wakubwa wanashangilia. Kuhusu Mukendi, nitaandika kwamba ndege iliwahi."

"Ndege ilifika kwa wakati wake, Kanali. Nilikosea saa mimi."

"Nani atajua?"

"Mukendi anajua. Na mimi."

"Utavuliwa cheo, Ngalula."

"Andika nilikosea."

Akakata simu. Akawakabidhi polisi sanduku na mtu wake, akavaa miwani ya Ray-Ban, akaondoka taratibu kuelekea hospitali alikopelekwa Mukendi. Watu wa gatini wakampigia makofi.

Hakugeuka.