Zamu ya Kusema Redioni

Kila siku saa tatu asubuhi, dereva wa gari la maziwa huuliza redioni nani ana maziwa. Wafugaji wote wa bonde letu hubonyeza redio zao kwa pamoja, kila mmoja akitaka awe wa kwanza. Simu hazishiki huku. Tuna mtambo mmoja kilimani, unaopokea sauti na kuirusha hadi mjini. Mtambo ni wa hospitali, sisi tumeruhusiwa tu kuutumia. Ungetusikia, ungedhani tumeurithi kwa babu zetu.

Asubuhi moja, saa hiyohiyo ya maziwa, mke wa mfugaji kijana, mwenye mimba ya miezi minane, alianza kutokwa na damu. Mumewe akaita hospitali redioni. Akaita tena na tena. Hakuna aliyejibu. Akazidi kubonyeza, akazidi kupaza sauti. Mama yake akakimbia kumwita jirani, fundi wa redio, ambaye sote humwita Mama Waya.

Mama Waya hakumsalimu mtu.

"Toa kidole, mwanangu."

"Mke wangu anakufa, mama."

"Toa. Ukibonyeza husikii. Na mtambo hubeba sauti moja tu kwa wakati mmoja. Mkisema ishirini, haubebi hata moja."

Akatoa. Redioni ilikuwa vurugu tupu. Wakasubiri. Hatimaye ukatokea upenyo wa kimya, na Mama Waya akabonyeza.

"Dharura. Mjamzito anatokwa na damu. Wengine wote nyamazeni, hospitali ijibu."

Bonde zima likanyamaza. Hospitali ikajibu.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya nusu saa. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangewapoteza mama na mtoto. Wote wawili walipona.

Juma lililofuata, Mama Waya alitukusanya akatupangia zamu. Dereva ataita nyumba moja moja. Wanaosikika vizuri waseme kwa ufupi, walio mbali waongezewe muda. Kila baada ya nyumba tatu, wote kimya, ili hospitali au mwenye dharura apate nafasi. Tulijaribu palepale, na dakika kumi zilitosha bonde zima.

Mzee mmoja alinung'unika kwamba maziwa yake yatachacha akisubiri zamu.

Yule kijana akamgeukia. "Baba, siku ile nilipotoa kidole, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa yako. Ulikuwa na lita nane."

 Mzee akaomba nyumba yake iwe ya mwisho.