Mwizi Aliyeacha Ubao Ghali

Lori la Issaka lilikuwa limetoka Butembo, limekwisha kuipita Rughenda, limeshika njia ya Beni, Inspekta Kavuo akiwa mbele na akina mama tisa nyuma. Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimetawanya watoto, na majina ya waliookotwa yalikaa ndani ya kompyuta moja tu, kwenye ofisi ya parokia, Beni. Usiku wa kuamkia jana mtu aliingia akaitoboa tumbo.

"Inspecteur, bila liste ya majina, huyu mama Halima wa huku nyuma atamutafuta Amina yake wapi?" Issaka aliuliza. "Mutoto wa miaka sita! Na saa tisa mimi nageuza lori, narudi Butembo."

"Endesha, papa."

Kwenye ofisi ya parokia, katibu Solange alifungua sanduku la kompyuta.

"Ameiba carte mère, ubao mukubwa wa ndani. Mais angalia: ameacha ingine pale pale, ya bei kuliko yetu!"

"Inatumika?"

"Inakimbia, kisha inakwama. Nikifungua liste tu, kioo kinaganda. Yetu, chipset yake, zile chipu za kuendesha ubao, ilikuwa ya polepole, lakini hapana kwama hata siku moja."

Kavuo aliinama. Pembeni mwa ubao palikuwa na tone la rangi ya kucha. Mafundi wa sehemu hizo, wakitaka kuupima ubao, huuwasha saa ileile wanapobandika chungu cha maharagwe jikoni. Yakiiva kabla haujakwama, wanaupaka rangi, unauzwa. Na Beni fundi alikuwa mmoja.

Fundi huyo, Paulin, alikuwa kibandani mwake.

"Fundi, ubao huu uliupima kwa maharagwe?"

"Yaliiva, Inspecteur."

"Kwa saa ngapi?"

"Mbili."

"Maharagwe makavu ya Masereka, saa mbili? Ulipika na moto wa jehanamu?"

Paulin alishika kichwa. "Yalilala mu mayi usiku muzima, yakaiva mbio. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Solange alinicheka mbele ya batu. Eti chipset zangu zinakimbia, hazifiki. Nikapita dirishani, nikabadilisha. Liste ingetoka mbio, ningesema: muliona? Ilipokwama, nikaogopa kurudisha. Asubuhi banamama banalia pale mulangoni..."

"Ya zamani iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Beba na bisibisi. Utalia kazi ikiisha."

Saa nane na nusu liste ilitoka, kurasa kumi na nne.

Akina mama sita waliona majina ya watoto wao. Halima alimpata Amina kwa mkulima mmoja wa Kamango, akarudi naye Butembo. Wawili walipata baadaye. Mmoja hakupata. Paulin alifungwa siku nane, kisha akazitengeneza mashine za parokia mwaka mzima bila malipo. Solange aliandika majina mengine mia mbili. Kavuo alihamishiwa Lubero. Issaka aliuza lori, akanunua jingine.